Usisafishe Leo Boliti Usizoweza Kuzihifadhi Leo

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, lakini mwili wake ni mmoja: "Fundi, nilisafisha boliti zote za injini zikang'aa kama sarafu mpya. Nimerudi baada ya wiki mbili nazikuta nyekundu. Nimekosea wapi?" Wanaouliza ni wale wanaofufua magari ya zamani: Land Rover za Series, Peugeot 504, Datsun, Land Cruiser zile za miaka ya sabini. Wengi wanafanya kazi usiku au Jumamosi, gari likiwa limefumuliwa uani, na vipuri vinangojewa kwa miezi. Wanaoishi pwani ndio wanaolia zaidi.

Jibu langu ni lile lile kila mara. Boliti haiharibikii kwenye kopo ulimoiweka wiki mbili. Inaharibika katika saa ile moja inayofuata baada ya kusafishwa, na wiki mbili zinakuonyesha tu kilichokwisha kutokea. Saa hiyo ndiyo makala haya.

Kwa nini boliti safi hushika kutu upesi kuliko chafu

Ule uchafu mweusi uliokuwa umeganda kwenye boliti, mchanganyiko wa oili, grisi na vumbi la barabarani, ulikuwa blanketi lake. Chini yake kulikuwa na ngozi nyembamba ya kiwandani, ya zinki au ya fosfeti. Brashi ya waya na siki huviondoa vyote viwili. Unabaki na chuma kitupu, na chuma kitupu huanza kushika kutu mara kinapopata unyevu na hewa. Hapo ongeza mambo matatu:

- Mabaki ya asidi. Siki au limau iliyojificha kwenye nyuzi huendelea kula chuma hata baada ya wewe kwenda kulala.
- Jasho la mkono. Jasho lina chumvi. Ukishika boliti tupu kwa kidole, utaiona alama ya kidole hicho kwa rangi ya kutu.
- Hewa ya bahari. Chumvi iliyo hewani hutua juu ya chuma na kuvuta unyevu wa usiku.

Mara ya kwanza nilipoishughulikia Land Rover Series III hapa Tanga, nilitumia Jumamosi nzima kusafisha boliti za sampu, za pampu ya maji na za kifuniko cha taiming. Jioni nikazianika juu ya gunia la katani barazani ili zikauke vizuri. Asubuhi gunia lilikuwa na unyevu wa umande, na kila boliti ilikuwa na unga wa rangi ya chungwa upande ule uliogusana na gunia. Upande wa juu ulikuwa bado unang'aa. Kazi ya siku nzima ilirudiwa, na tangu hapo nina sheria moja: nasafisha zile tu ninazoweza kuzipa kinga siku hiyo hiyo. Boliti kumi na mbili zilizokamilika ni bora kuliko sitini zilizoachwa uchi.

Kwanza zigawe: si boliti zote ni za kazi moja

Kabla ya kugusa brashi, panga boliti zako katika mafungu matatu. Dawa inayofaa fungu moja inaweza kuliua jingine.

1. Za nguvu kubwa: za silinda hedi, za konrodi, za beringi kuu za krankshafti na za flaiwili. Hizi ndizo zinazoshikilia uhai wa injini.
2. Za kawaida: za sampu, za kifuniko cha taiming, za pampu ya maji, za mabano ya alteneta.
3. Za moto: studi na nati za manifoldi ya ekzosi.

Kisha soma vichwa vyake kwa tochi:

- Kwenye boliti za milimita utaona namba kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ikipanda, nguvu imepanda.
- Kwenye nyingi za inchi utaona mistari midogo. Mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8.
- Kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani utaona namba moja, kama 4 au 7. Ile ya 7 ni imara zaidi.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya kuzipenda boliti za asili. Boliti nyingi za duka la vifaa vya ujenzi hazina alama yoyote, na boliti isiyo na alama hujui itavumilia nini. Tena urefu wake, shingo yake na nyuzi zake mara nyingi havilingani. Land Rover za Series hutumia nyuzi za inchi. Boliti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, kwa hiyo ile ya milimita 8 huonekana kama ndiyo yenyewe. Ukiilazimisha kwa spana, umeharibu tundu la bloku, na bloku haiuzwi kando ya barabara.

Kusafisha bila kuumiza

Anza na grisi. Loweka kwenye mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya nailoni, kisha osha kwa maji moto na sabuni ya unga. Asidi na brashi haziwezi kufanya kazi juu ya grisi, zinaisambaza tu. Petroli iache: mvuke wake hutafuta moto hadi jikoni, nayo hupita kwenye ngozi.

Halafu ondoa kutu kulingana na fungu:

- Fungu la kwanza: brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa, basi. Usiziloweke kwenye asidi ya aina yoyote. Asidi huingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kioo, bila onyo, pengine siku kadhaa baada ya kukazwa. Hatari hii ni ya boliti za 10.9 na kwenda juu hasa, lakini kwa boliti za konrodi mimi sijaribu bahati.
- Fungu la pili na la tatu: siki ya kawaida ya dukani inatosha. Tazama kila baada ya saa mbili au tatu, sugua, rudisha. Usiache ukaenda kulala. Siki haichagui: ikimaliza kutu inaanza kula zinki iliyobaki, kisha chuma chenyewe.

Maonyo matatu:

- Vaa miwani ya kazi unapotumia brashi ya mashine. Waya mmoja ukichomoka huruka kama mkuki.
- Boliti za zamani zenye ngozi ya rangi ya fedha au ya njano huenda zimepakwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Usizikwangue kwa mashine zikiwa kavu na usizichome moto. Zisugue kwa mkono zikiwa zimelowa mafuta.
- Usisafishe nyuzi kwa kifaa cha kukatia nyuzi mpya. Hicho hunyoa chuma. Tumia kile cha kupitishia tu, au nati nzuri ya saizi hiyo hiyo ukiipitisha na kurudisha kwa oili.

Ukimaliza, kagua. Nati izunguke kwa vidole kutoka mwanzo wa nyuzi hadi mwisho. Laza boliti mbili za aina moja ubavu kwa ubavu: ikiwa moja ni ndefu zaidi, au shingo yake imekonda, imevutika na haina kazi tena. Na kama kitabu cha gari kinasema boliti za hedi hukazwa kwa digrii baada ya toki, mara nyingi hizo zimeundwa kutumika mara moja. Usihangaike kuzihifadhi. Nunua nyingine.

Saa ile moja: hatua kwa hatua

Andaa kila kitu mezani kabla hujatoa boliti kwenye siki. Vaa glavu. Usipokee simu.

1. Suuza kwa maji safi mengi, ukisugua nyuzi kwa mswaki wa zamani.
2. Ua asidi. Chovya kwa dakika tano kwenye maji yenye magadi, kama vijiko viwili vya chakula kwa lita moja.
3. Suuza tena, safari hii kwa maji yanayokaribia kuchemka. Boliti ikipata moto, maji yaliyobaki hukauka yenyewe.
4. Kausha hapo hapo. Futa kwa kitambaa cha pamba, kisha weka kwenye oveni yenye nyuzi joto 100 hadi 120 kwa nusu saa, au tumia kikausha nywele. Jua la saa nne asubuhi linafaa. La saa kumi na moja jioni halifai, kwa sababu nyuma yake unakuja umande.
5. Paka kinga boliti ikiwa bado ina uvuguvugu. Oili hulainika na kuingia kwenye nyuzi hadi chini.

Ukiona boliti imebadilika na kuwa ya kijivu chenye wekundu kati ya hatua ya tatu na ya nne, usijidanganye kwamba oili itaificha. Irudishe hatua ya kwanza.

Uchague kinga gani?

*Oili mpya ya injini.* Ni rahisi, na kila gereji inayo. Inafaa boliti zitakazorudi kwenye gari ndani ya wiki chache, na ndiyo kinga yangu kwa fungu la kwanza. Udhaifu wake ni kwamba hutiririka taratibu na kuacha juu pakavu. Boliti ziwe zimelala ndani ya mfuko uliofungwa, na zigeuzwe kila mwezi.

*Vaselini au grisi laini.* Hubaki mahali pake kwa miezi mingi. Inafaa kama unajua hedi imepelekwa mjini na hujui itarudi lini. Siku ya kufunga lazima ifutwe yote.

*Nta ya kuzuia kutu.* Inauzwa katika makopo ya kupulizia, wengi huitumia kwenye mashimo ya bodi. Ikikauka huacha ngozi kavu isiyovuta vumbi. Kwa hewa ya pwani sijaona bora kuliko hii katika zile za kupaka mwenyewe.

*Fosfeti, kisha oili.* Boliti hulowekwa kwenye maji ya fosfeti yenye moto wa nyuzi joto 90 hivi na kutoka na rangi ya kijivu iliyokolea, ile ile ambayo nyingi zilitoka nayo kiwandani. Kumbuka kwamba fosfeti peke yake haizuii kutu. Ni kama sifongo. Kazi yake ni kuishika oili isikimbie. Ukiacha kavu, umefanya kazi nusu. Maji hayo pia ni asidi, kwa hiyo usiyatumie kwa fungu la kwanza.

*Zinki ya umeme.* Hii ndiyo kinga ya kudumu ya fungu la pili, kwa mwenye uwezo wa kupeleka kwa mafundi wanaopaka. Kabla hujakabidhi boliti zako:

- Omba unene wa maikroni 5 hadi 8, usizidi. Maikroni 8 kwenye kila ubavu wa uzi huongeza kipenyo cha nyuzi kwa takriban maikroni 32, na nati huanza kubana.
- Zihesabu mbele yao, uzipige picha.
- Usitoe za 10.9 na kwenda juu. Hizo zikipakwa zinki zinatakiwa kuokwa nyuzi joto 190 hadi 220 kwa saa nne au zaidi, mara tu zitokapo kwenye zinki, ili hidrojeni itoke. Kama fundi haelewi unachosema, rudi nazo nyumbani.

*Kwa fungu la tatu* zinki na nta haziwezi moto wa ekzosi. Hifadhi studi na nati hizo kwa oili, na siku ya kufunga zipake grisi ya shaba ili mwaka kesho zifunguke bila kukatika.

Makopo, lebo na chumba

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Boliti iliyohifadhiwa vizuri lakini haijulikani inatoka wapi imepotea kama iliyooza.

- Weka kila fungu dogo kwenye mfuko wake wa plastiki wa kufunga, toa hewa, andika kwa kalamu isiyofutika: mahali, idadi, tarehe ya kupakwa kinga.
- Boliti za urefu tofauti za sehemu moja, kama kifuniko cha taiming, zichomeke kwenye kadibodi uliyochora umbo la kifuniko hicho, piga picha, kisha ziingize mfukoni kwa mpangilio huo. Usizihifadhi ndani ya kadibodi yenyewe: hunywa oili na kushika unyevu.
- Tumbukiza vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Vipashe moto mdogo kwanza, vilivyokaa hewani vimekwisha kujaa maji.
- Mifuko yote iingie kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya rafu. Sakafu ya saruji hutoa unyevu, hasa wakati wa masika.
- Usiweke asidi chumba hicho. Asidi ya kusafishia vigae hutoa mvuke hata mfuniko ukiwa umelegea kidogo, na mvuke huo unaweza kutia kutu spana zote za gereji.

"Lakini fundi..."

"Babu yangu alitumia oili chafu na hakuona kutu." Oili iliyotumika imebeba maji, masizi na asidi kutoka kwenye mwako. Mzee alikuwa akifunga gari siku ya pili au ya tatu. Wewe unangoja miezi sita. Lita moja ya oili mpya inatosha boliti za injini nzima.

"Si nipulizie WD-40 tu?" Hiyo imeundwa kufukuza maji, na kwa kazi hiyo ni nzuri: pulizia baada ya kukausha, kisha paka oili au nta juu yake. Peke yake ni nyepesi mno kwa miezi ya kungoja.

"Nipake rangi ya fedha zipendeze." Rangi chini ya kichwa cha boliti husagika gari likitembea, na boliti iliyokazwa vizuri inalegea. Kama unataka rangi, paka kichwa tu, baada ya boliti kufungwa na kukazwa.

"Ninunue za chuma cha pua niachane na kutu." Za daraja la kawaida, A2-70, zina nguvu ya megapaskali 700. Ya 8.8 ina 800. Zaidi ya hapo nyuzi zake hupenda kung'ang'aniana, na zikikaa kwenye aluminiamu mahali penye chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Za kushika nembo sawa. Za injini hapana.

"Nizichome hadi ziwe nyekundu kisha nizitose kwenye oili ziwe nyeusi." Ukifikisha boliti ya injini kwenye wekundu umefuta ugumu wote iliopewa kiwandani. Itaonekana nzuri, na itavutika kama utomvu.

Siku ya kuzirudisha

Hapa ndipo kinga nzuri hugeuka hatari kwa asiyejua. Ukikaza boliti, takriban asilimia 10 tu ya nguvu ya mkono wako ndiyo inayovuta boliti na kubana vipande. Iliyobaki huliwa na msuguano wa kichwa na wa nyuzi. Ukibadilisha utelezi, umebadilisha hesabu yote.

1. Futa kinga ya kuhifadhia yote, hasa grisi na nta, kwa mafuta ya taa. Kausha.
2. Soma kitabu cha gari: je, toki iliyoandikwa ni ya nyuzi kavu au zenye oili? Fuata hivyo. Toki ya kavu kwenye boliti yenye oili huivuta kupita kiasi.
3. Kama inatakiwa oili, tone moja kwenye nyuzi na moja chini ya kichwa.
4. Safisha matundu kwa upepo wa kompresa, miwani machoni. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na oili ndani, boliti ikishuka huisukuma oili isiyo na pa kwenda, na bloku hupasuka. Dalili ni boliti inayokuwa nzito kabla kichwa hakijagusa. Ikitokea, fungua, nyonya oili kwa kitambaa kilichoviringwa, rudia.
5. Boliti inayohitaji gundi ya nyuzi lazima iwe haina mafuta hata kidogo, na tundu lake pia. Gundi haishiki juu ya oili.

Nakili hii, bandika ukutani

- Gawa, soma vichwa, ndipo usafishe.
- Za hedi, konrodi, beringi kuu na flaiwili: hapana asidi, hapana zinki.
- Siki, maji, magadi, maji moto, kausha, paka. Bila kupumzika katikati.
- Glavu mwanzo hadi mwisho.
- Mfuko, jina, idadi, tarehe.
- Kagua mifuko kila mwisho wa mwezi. Ukiona chembe nyekundu, ishughulikie siku hiyo.
- Kabla ya kufunga: futa kinga, soma toki, kausha matundu.

Jumamosi hii usianze na ndoo nzima. Chukua boliti za kifuniko kimoja tu, zipitishe hatua zote hadi kwenye mfuko wenye jina, ufunge ndoo. Fungua mfuko huo baada ya mwezi mmoja. Ukizikuta kama ulivyoziacha, mkono wako umejifunza kazi, na zilizobaki zipe zamu yake fungu kwa fungu.